Daftari Linapima Barabara, Halipimi Nyoka

Ndugu waganga, wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini, na nyinyi mnaojumlisha takwimu hadi macho yanauma, asanteni kwa kufika.

Naomba tuanze na ukurasa mmoja wa daftari. Chukueni daftari la wagonjwa wa zahanati yoyote ya kijijini katika nchi za joto, mfungue miezi ya mvua, wakati watu wako shambani na majani yamefika magotini. Mtaona malaria, kuhara, kikohozi, majeraha ya jembe na panga. Kwenye mstari wa kuumwa na nyoka pameandikwa sifuri. Mwezi wa pili sifuri tena. Sifuri hizo zinapanda hadi wilayani, zinajumlishwa, zinapanda tena, na huko juu mpangaji anasema eneo hili halihitaji kiuasumu. Mwaka unaofuata zahanati haina dawa. Aliyeumwa anajua haina, kwa hiyo haji, na kwenye daftari panaandikwa sifuri nyingine.

Sasa ipelekeeni zahanati hiyo hiyo kiuasumu, yaani ile dawa inayotolewa katika damu ya farasi au kondoo waliozoeshwa sumu kidogo kidogo mpaka miili yao ikajifunza kuizima. Baada ya miezi michache wagonjwa wa nyoka wanamiminika. Kuna watu husoma ongezeko hilo wakadhani nyoka wamezaana. Nyoka ni wale wale. Daftari la zahanati linaonyesha umbali wa njia, nauli iliyokosekana na imani ya watu kwamba wakifika watatibiwa, na idadi ya walioumwa imefichwa humo ndani kama sindano kwenye pamba. Leo nataka tuzungumzie jinsi ya kuitoa.

Nyote mmesikia takwimu za dunia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 5.4 huumwa na nyoka. Kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu kiasi cha kuugua. Wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000, na wanaokatwa kiungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao. Mimi katika hesabu hiyo huangalia zaidi pengo. Kati ya kadirio la chini na la juu la vifo kuna watu 57,000. Kadirio jingine lililochapishwa mwaka 2008 lilikuwa pana zaidi, vifo 20,000 hadi 94,000. Pengo kama hilo maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya dunia hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuuliza.

India waliuliza. Katika utafiti mkubwa wa vifo wa nchi hiyo, wapimaji walikwenda majumbani wakazungumza na ndugu wa marehemu kuhusu siku za mwisho za mtu wao, kisha madaktari wakasoma maelezo hayo na kuamua chanzo cha kifo. Majibu yaliyotoka mwaka 2011 yalionyesha kwamba mwaka 2005 peke yake watu wapatao 46,000 walikufa kwa kuumwa na nyoka, idadi iliyozidi mara nyingi sana ile iliyokuwa kwenye taarifa za hospitali. Asilimia 97 walikufa vijijini. Waliofia katika kituo cha afya walikuwa asilimia 23 tu. Uchambuzi uliofuata, wa mwaka 2020, ulikadiria vifo milioni 1.2 kati ya mwaka 2000 na 2019, wastani wa 58,000 kwa mwaka, na nusu yake ilitokea katika miezi ya mvua, Juni hadi Septemba. Ukirudi kwenye ile asilimia 23, mtu anayetumia daftari la hospitali kuhesabu vifo vya nyoka anaona robo ya msiba, tena kama makarani wote wameandika sawasawa.

Na makarani hawaandiki sawasawa, wala sitawalaumu. Katika toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, kukutana na nyoka mwenye sumu ni X20 na athari ya sumu yenyewe ni T63.0. Karani asipoambiwa ni nyoka gani huenda akatumia W59, kapu la kuumwa na mitambaazi wengine, na mgonjwa anapotea humo. Mwingine hufa siku ya nane kwa figo kushindwa kazi, na cheti kinaandika figo bila kutaja kilichoziua.

Halafu kuna wale ambao hata ndugu zao hawajui waliumwa. Mfano wao mzuri ni kraiti, nyoka wa Asia Kusini, mweusi, mara nyingi mwenye vipande vyembamba vyeupe mgongoni. Hutembea usiku. Akiingia ndani kufuata mawindo humkuta mtu amelala chini kwenye mkeka. Mtu anageuka usingizini, anamgusa, anaumwa. Meno yake ni mafupi, pale alipouma hapavimbi, na wengine hawaamki. Alfajiri tumbo linasokota. Baadaye kope zinaanza kushuka, mgonjwa anainua kidevu juu ili aone chini ya kope zake mwenyewe. Maneno yanakuwa mazito, mate yanajaa mdomoni kwa sababu hawezi kumeza. Akili iko timamu na anasikia kila linalosemwa, lakini hawezi kujibu. Misuli ya kupumua inafuata. Mtu wa namna hii akifa kabla ya saa sita mchana, nyumbani watasema kiharusi, au chakula, au kurogwa. Msimu wa nyoka mkiambiwa mtu alilala mzima akaamka na kope zimeanguka, ulizeni alilala wapi.

Kundi jingine linalokosekana kwenye daftari ni la waliokwenda kwa mganga wa kienyeji. Hapa wataalamu tunapenda kukunja uso, tukiamini watu wa kijijini hawaelewi. Wanaelewa wanachokiona. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Hata mwenye sumu kali mara nyingine huuma bila kuimwaga, na kwa baadhi ya aina hali hiyo hufika karibu nusu ya matukio. Tuseme watu 50 wanakwenda kwa mganga mwenye jiwe jeusi la nyoka, na 45 wanapona. Mganga akisema hivyo hadanganyi, ingawa wengi wa hao wangepona hata kwa kukaa chini ya mti. Watano waliozidiwa anawaruhusu waende hospitali, wanafika wamechelewa, na wawili wanafia huko. Kijiji kinahesabu: kwa mganga hakuna aliyekufa, hospitali wamekufa wawili kati ya watano. Hesabu yao haina kosa la kujumlisha. Kosa liko katika nani alipelekwa wapi, na hilo huwezi kulisahihisha kwa bango la kukataza waganga.

Kuhusu nani anaumwa sitakaa sana, maana mnajua. Ni mkulima, mchungaji, mkata kuni, mvuvi wa mtoni, mvunaji wa mpira na miwa, na watoto. Wanaume na vijana wanaongoza karibu kila mahali kwa sababu ya kazi. Sehemu inayoumwa zaidi ni mguu, kuanzia kwenye kifundo kushuka chini. Mkono hufuata, hasa wakati wa kuvuna na kubeba mizigo ya majani. Mafuriko huwasogeza nyoka na watu kwenye kilima kimoja. Ghala la nafaka huita panya, panya huita nyoka. Mtoto huumwa na kipimo kile kile cha sumu anachopata mtu mzima, ila mwili wake ni mdogo, ndiyo maana huzidiwa upesi.

Tuje kwenye kuhesabu. Njia ya uhakika ni kwenda majumbani, na hapa wengi huanguka kwenye ukubwa wa sampuli. Tuseme mnafikiri kwamba watu 200 kati ya kila 100,000 huumwa kwa mwaka. Mkihoji kaya zenye watu 20,000 mtarajie kupata walioumwa 40. Lakini bahati peke yake inaweza kuwapa chochote kati ya 29 na 54, kwa hiyo jibu lenu ni 145 hadi 270 kwa kila 100,000. Hiyo inatosha kupanga dawa. Kwa vifo haitoshi hata kidogo. Kiwango cha vifo kikiwa 5 kwa 100,000, katika watu 20,000 mnatarajia kifo kimoja, na uwezekano wa kutokukuta hata hicho kimoja ni kama asilimia 37. Timu itarudi na sifuri, itaandika kwamba hakuna vifo, nasi tumerudi kwenye sifuri yetu ya mwanzo. Mkitaka vifo, hojini watu wengi zaidi, laki moja na kuendelea, au ulizeni miaka mitatu nyuma kwa vifo huku mkiuliza mwaka mmoja tu kwa kuumwa. Na kwa kuwa mtachagua vijiji na kuhoji wengi ndani ya kila kijiji, ongezeni sampuli, kwa kawaida iwe karibu maradufu: watu wa bonde moja hukutana na nyoka wa bonde moja, na kaya ya kumi haiwaambii mengi zaidi ya kaya ya tatu.

Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa mtafiti methali hiyo ni onyo la kitaalamu. Tukio la nyoka halisahauliki, na kwa sababu halisahauliki mtu hulisogeza karibu: aliumwa miaka mitatu iliyopita, anakuambia mwaka jana. Hapo idadi yako imepanda bila sababu. Usiulize "katika miezi 12 iliyopita." Uliza ilikuwa kabla au baada ya palizi, kabla au baada ya mafuriko yale, mtoto wa mwisho alikuwa anatambaa au anatembea. Makosa mengine hushusha idadi. Unayemkuta nyumbani saa tano asubuhi huenda hajui kwamba mume wake aliumwa kambini akapona kimya. Na kaya iliyompoteza mtu mzima wa pekee mara nyingi imevunjika, watoto wamegawanywa kwa ndugu, hakuna mlango wa kubisha. Waulizeni majirani kuhusu nyumba iliyofungwa.

Kama hakuna fedha za kuhoji watu wengi, kuna ujanja wa orodha mbili. Mnachukua majina ya waliokwenda zahanati, tuseme 90, na ya waliokwenda kwa waganga waliokubali kushirikiana, tuseme 60, mnatafuta waliomo kwenye zote mbili, tuseme 18. Zidisha 90 kwa 60, gawa kwa 18: walioumwa wote wakadiriwe 300. Kwenye orodha zote mbili mlikuwa na majina 132 tu, maana yake zaidi ya nusu hawakuandikwa popote. Hesabu nzuri, lakini ina mtego. Inadai kwamba kwenda kwa mganga hakubadilishi uwezekano wa kwenda zahanati. Mahali ambapo anayekwenda huku haendi kule, majina ya pamoja yanakuwa machache mno na jibu linavimba kupita ukweli. Lichukueni kama dari, na mseme wazi kwamba ni dari.

Sasa daftari lenyewe. Nimelisema vibaya tangu nianze, lakini likiandikwa vizuri lina kazi ambayo utafiti wa majumbani hauwezi. Kwa mgonjwa wa nyoka andikeni saa aliyoumwa na saa aliyofika, katika safu mbili. Hapo kuna kosa letu sisi tunaosema Kiswahili. "Saa 2" ni saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, au saa nane ya mchana iliyosomwa kwenye uso wa saa? Muda wa safari unaweza kupotoka kwa saa sita au kumi na mbili, na wastani wa wilaya nzima ukaharibika. Andikeni kwa saa 24, 20:00 au 08:00, au kwa maneno pamoja na "asubuhi" au "usiku," na zahanati zote zifuate mtindo mmoja. Halafu andikeni alikuwa anafanya nini, akiwa wapi, ni sehemu gani ya mwili, alifungwa kamba au kuchanjwa, alipitia wapi kabla ya kuja, dalili alizofika nazo, chupa ngapi za kiuasumu alipewa na za toleo gani, na aliondoka vipi. Jina la nyoka si la lazima. Jina lililotajwa na shemeji aliyemwona mkia gizani ni baya kuliko nafasi iliyoachwa wazi. Dalili ndizo zinazoongoza tiba: kope kushuka na kupumua kwa shida, damu isiyokatika kwenye ufizi na kwenye tundu la sindano, uvimbe unaopanda, malengelenge, nyama kugeuka nyeusi. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inasaidia. Kumkimbiza nyoka ili aletwe kunazaa mgonjwa wa pili, na kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma.

Kuna safu moja ningeipigania hata kama mnafuta nyingine zote: kipimo cha kuganda kwa damu cha dakika 20. Hakihitaji umeme wala maabara. Vuta mililita 2 za damu ya mshipa, mimina kwenye bomba dogo la kioo, jipya, safi, kavu. Lisimamishe wima mahali ambapo hakuna atakayelipiga kiwiko. Andika saa. Baada ya dakika 20 kamili liinamishe mara moja tu. Damu ikibaki tonge, imeganda. Ikitiririka ukutani mwa bomba kama maji ya rangi, sumu imemaliza viini vya kugandisha, na mgonjwa huyu anahitaji kiuasumu hata kama amekaa anatabasamu.

Kipimo rahisi namna hii huharibika kwa njia tatu au nne, na karibu zote nazo ni rahisi. Bomba la plastiki halifai, kwa sababu ni uso wa kioo unaochochea damu igande. Bomba lililooshwa kwa sabuni halifai kwa sababu hiyo hiyo. Masalia ya sabuni huondoa uchochezi huo na damu ya mtu asiye na sumu inaonekana ina sumu, mnammalizia dawa bure. Kuna anayelitikisa, na kuna anayechungulia dakika ya kumi. Likifika boksi jipya la mabomba, pima kwanza damu ya mtu asiyeumwa. Isipoganda, tatizo ni bomba. Rudieni kipimo saa sita baada ya dozi, kwa sababu ini linahitaji muda huo kutengeneza viini vipya. Damu ikiwa bado haigandi, dozi irudiwe. Na kumbukeni kwamba kwa fira wengi, koboko na kraiti damu inaweza kuganda vizuri kabisa huku mgonjwa akielekea kuacha kupumua. Kipimo hiki kinajibu swali moja tu.

Thamani ya safu hizi ilionekana Ghana. Hospitali moja ya vijijini ilikuwa ikitibu watu walioumwa na Echis, nyoka mfupi wa savana ya Afrika Magharibi mwenye magamba ya msumeno, ambaye sumu yake hukausha uwezo wa damu kuganda. Kiuasumu walichokizoea kikabadilishwa, kikaja kingine. Kabla ya mabadiliko waliokufa walikuwa asilimia 1.8 ya waliotibiwa. Baada yake wakawa asilimia 12.1. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Nyoka hawakubadilika, na waliumwa watu wa vijiji vile vile. Dawa mpya haikuzima sumu ya nyoka wa pale. Kilichowafumbua macho ni kumbukumbu za wagonjwa zilizoweza kulinganishwa, kabla na baada. Bila hizo wangeendelea kusema mwaka huu wagonjwa wanachelewa sana. Vital Brazil, daktari na mtafiti wa nchi ya Brazili, alionyesha zaidi ya miaka mia iliyopita kwamba kiuasumu cha nyoka mmoja hakilazimiki kumzima mwingine, na leo tunajua hata aina moja ya nyoka hubadilika sumu kutoka eneo hadi eneo. Kwa hiyo namba ya toleo kwenye daftari isionekane kama urembo wa mkaguzi.

Nirudi kwenye barabara niliyoahidi. Kusini-mashariki mwa Nepal utafiti wa vijijini ulikuta watu 1,162 kwa kila 100,000 wakiumwa kwa mwaka, na 162 wakifa: mmoja kati ya kila saba. Sri Lanka, katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 na 2013, walikadiria 80,000 wanaoumwa kwa mwaka na vifo 400, mmoja kati ya 200. Nyoka wa nchi hizo mbili hawako sawa, kwa hiyo msichukue tofauti yote mkaipa barabara. Lakini oneni lililofuata Nepal. Katika eneo la Damak vijiji vilipanga watu wenye pikipiki wa kujitolea, wanaoitwa usiku na mchana. Mgonjwa anakaa katikati, mbele dereva, nyuma mtu wa kumshikilia asianguke. Vifo kati ya walioumwa vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Haikuja dawa mpya ya ajabu. Zilipungua saa.

Ndiyo maana ushauri wa huduma ya kwanza ni mfupi. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujavibana. Kifunge kiungo kwenye ubao kama cha mtu aliyevunjika, asitembee. Akitapika au akisinzia alazwe ubavu. Sumu ya nyoka atemaye ikiingia machoni, maji mengi, mara moja, mpaka mchome upungue. Halafu pikipiki. Msifunge kamba ya kukata damu. Kamba huua nyama ya chini yake, na mbaya zaidi ni pale muuguzi mwema anapoifungua ghafla mlangoni: sumu iliyokusanyika inaingia mwilini kwa mkupuo na mgonjwa anaacha kupumua mbele yake. Aliyefika na kamba ifunguliwe polepole, mshipa ukiwa umeshawekewa sindano ya dripu na kiuasumu na mashine ya kupumulia viko karibu. Kuchanja, kunyonya, jiwe, umeme wa betri na kemikali kwenye kidonda, vyote huongeza damu, usaha na muda.

Na sasa mtu wa bohari ataniuliza anunue chupa ngapi. Tuseme kituo kinahudumia watu 60,000 na huumwa 200 kwa 100,000: hao ni 120 kwa mwaka. Nusu wanaingiwa na sumu, 60. Kiuasumu chenu kinahitaji wastani wa chupa 4 kwa mgonjwa, na wastani huo mtoe kwenye daftari lenu, maana hutofautiana sana kati ya dawa na dawa: chupa 240. Ongeza robo ya akiba, 300. Kosa linalofuata ni kuzigawa kwa 12 na kupeleka 25 kila mwezi. Kama asilimia 60 ya matukio iko ndani ya miezi minne ya mvua, miezi hiyo inataka chupa 45 kila mmoja, na iliyobaki 15. Ukigawa sawa, dawa itakwisha katikati ya msimu na kuharibikia kabatini wakati wa kiangazi. Kosa jingine ni huruma ya kugawia kila zahanati kidogo. Chupa 300 kwa zahanati 15 ni 20 kila moja, dozi za watu watano, sehemu ambayo pengine haina wa kukesha na mgonjwa. Mimi ningeziweka vituo vitatu vyenye muuguzi usiku kucha, halafu fedha iliyobaki niipeleke kwenye pikipiki. Kuna wasiokubaliana nami, hasa pale mito inapofunga njia kwa wiki nzima. Hapo wana haki, dawa itangulie kabla ya mvua.

Kila chupa ya kiuasumu iende na adrenalini. Dawa inayotokana na damu ya mnyama inaweza kumchafua mgonjwa ndani ya dakika chache: vipele, kutapika, kifua kubana, presha kuanguka. Adrenalini ya 1 kwa 1,000, mililita 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja, ivutwe kabisa kwenye sindano kabla dripu haijaanza. Kujaribu kwanza kwenye ngozi hakutabiri chochote na kunapoteza muda. Mtoto hupewa kiuasumu kipimo sawa na mtu mzima, kwa kuwa tunazima sumu na sumu haikupunguzwa kwa ajili yake. Kinachopunguzwa kwa uzito ni adrenalini. Kiuasumu cha maji hutaka nyuzi 2 hadi 8, kisigande. Cha unga huvumilia zaidi kabatini, na kwa kituo chenye umeme wa kubahatisha ningechagua hicho hata kama kuchanganya kwake kunachukua muda.

Oda ikipungua kiwanda nacho hupiga hesabu zake. Kiuasumu kimoja kilichotegemewa sana Afrika, kilichozima sumu za nyoka wa aina 10, kiliachwa kutengenezwa mwaka 2014, na chupa zake za mwisho zikaisha muda Juni 2016. Mtengenezaji husoma oda, na oda hutoka kwenye daftari lile lile lenye sifuri.

Kuhusu kinga niseme mawili tu. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka hukinga dhidi ya kraiti. Nepal walipowalinganisha walioumwa na wasioumwa, waliolala ndani yake walionekana kukingwa wazi. Mwaka mnaogawa vyandarua vya malaria, ongezeni sentensi hiyo kwenye maelezo, haigharimu kitu. Na tochi. Viatu virefu vinasaidia kwenye kichaka, ila msimwambie mtu anayepanda mpunga kwenye tope la magoti avae buti, atawasikiliza kwa heshima na hatavaa.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Vifo tumeona jinsi ya kuvitafuta. Ulemavu ndio hauna hata safu. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, uchambuzi wa mwaka 2011 ulikadiria kwa mwaka watu 314,000 walioingiwa na sumu, vifo 7,300, na kati ya 5,900 na 14,600 waliokatwa viungo. Mgonjwa wa moma anaruhusiwa siku ya kumi, daftari linaandika "amepona," na mwezi wa tatu goti halinyooki, au kidonda kimefika mfupani na anakatwa mguu katika hospitali nyingine ambako jina lake linaingia kwenye daftari la upasuaji bila neno nyoka. Andikeni namba ya simu ya mgonjwa au ya jirani. Siku ya 90 pigeni, muulize mambo matatu: kidonda kimefunga, kiungo kinakunjika na kunyooka, na amerudi shambani au bado. Majibu yaandikwe kwenye mstari ule ule wa siku aliyofika.